Wito kwa Watu wa Masisi na Walikale: Tumlinde Msafiri wa Majini Tangu Mti Ungali Msituni

Ndugu zangu wa Masisi na Walikale, nanyi mlioko Goma, Bukavu, Kisangani na nchi za mbali huku mioyo yenu ikiwa bado katika milima na misitu yetu, naomba mnisikilize kidogo juu ya mtumbwi.

Najua miaka hii ni mizito. Wengi wenu mnasoma maneno haya mkiwa mbali na mashamba yenu, na kila nyumba ina habari yake ya kulia. Lakini barabara ikifungwa kwa vita, daraja la miti likivunjika, au matope ya masika yakimeza malori njiani, mgonjwa bado anatakiwa kufika kwa daktari, mwanafunzi bado ana mtihani, na gunia la mihogo bado linangojewa sokoni. Wakati huo tunategemea mti uliochongwa kwa mkono wa binadamu. Tunautegemea, lakini hatuujali. Tunanunua mtumbwi bila kuukagua, tunaupanda bila kuuliza, tunaujaza bila kuhesabu vichwa. Fundi aliyeuchonga anazeeka bila mwanafunzi, na mahali pa mti alioukata hapajapandwa mwingine.

Wito wangu kwenu ni mmoja: usalama wa msafiri wa majini tuanze kuushughulikia msituni, mti ungali umesimama. Tukingoja hadi mtu awe katikati ya maji, tumechelewa.

Tutazame kwanza maji yetu yenyewe. Mvua inyeshayo juu ya milima ya Masisi hugawanyika njia. Sehemu yake huteremka hadi Ziwa Kivu upande wa Sake, ikatoka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika, na huko mto Lukuga ukaipeleka Lualaba. Sehemu nyingine hushuka magharibi kwa mito ya Oso na Lowa, ikakatiza misitu ya Walikale na kuingia katika Lualaba ileile. Maji yaliyoachana mlimani hukutana tena mbali, baada ya safari ndefu. Na kaskazini, katika sheferi ya Bashali, tuna maziwa ya Mokoto, Ndalaga na wenzake, yaliyotulia kati ya vilima.

Kila maji yana tabia yake, na mtumbwi unaofaa hapa waweza kuua kule. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake hufika mita 485. Asubuhi huwa limelala, mchana upepo ukageuka na mawimbi yakasimama. Hapo unahitaji chombo chenye mbavu ndefu na tumbo pana. Wavuvi wetu wa sambaza walilielewa jambo hilo. Samaki huyo aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wanaomvua usiku kwa taa hufunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu ili nyavu zishuke na chombo kisipinduke. Mto Lowa ni habari nyingine: una mawe, magogo yaliyoanguka, mahali pa maji mengi na mahali pa maporomoko ambapo mtumbwi lazima utolewe majini ubebwe au ukokotwe nchi kavu. Huko unatakiwa mtumbwi mwembamba, wa chini tambarare, mwepesi kiasi cha watu wawili kuunyanyua. Maziwa ya Mokoto, yakiwa madogo na yenye matete pembeni, hutosha mtumbwi mfupi wa mvuvi mmoja na mwanawe. Basi swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: utaupeleka wapi, na utawachukua akina nani?

Masisi ni nchi ya wafugaji. Hakuna mzee wa kwetu anayelipa ng'ombe kabla ya kumfungua mdomo, kumpapasa mgongo na kumtembeza mbele yake. Tuununue mtumbwi kwa macho yayo hayo.

Anza kwa kuuliza mti. Katika Walikale, ambako msitu uko chini na joto ni kubwa, mvule ndio mti wenye sifa njema: mgumu, hauozi haraka, wadudu hauwapendezi, na bado huelea vizuri. Katika milima ya Masisi mvule haustawi, kwa hiyo mafundi hutumia miti mingine, na vyombo vingi vya ziwani huundwa kwa mbao zilizounganishwa. Fundi mwaminifu atakuambia jina la mti, ulikatwa wapi na lini. Mwombe kibanzi cha mti huo, ukitupe ndani ya maji. Kikielea juu juu, una mtumbwi utakaobaki ukielea hata ukijaa maji, nawe utaweza kuushika hadi uokolewe. Kikizama, jua kwamba siku ya kupinduka chombo chako kitakuacha.

Kisha simama nyuma ya mtumbwi, ufumbe jicho moja, utazame hadi mbele. Uti wake uende moja kwa moja. Mti uliokua ukijipinda hutoa mtumbwi unaovuta upande mmoja, na mpiga kafi atashinda siku nzima akirekebisha njia kwa mkono uleule hadi bega limkatike.

Tazama ncha zote mbili. Mti hukauka upesi zaidi kwenye ncha, na nyufa huanzia hapo. Ufa mwembamba kama unywele, usiopenya, si wa kuogopwa sana. Ufa unaopitisha mwanga wa jua ni kasoro. Mtumbwi uliozibwa kwa pamba na lami, au kwa kipande cha bati kilichopigwa misumari, waweza kutumika miaka mingi ikiwa muuzaji amekuonyesha kiraka na kukueleza sababu yake. Ulio wa kuogopa ni ule uliopakwa lami mpya kila mahali ili usione chochote. Wa namna hiyo utie maji ndani, uache hadi kesho asubuhi, nawe utaambiwa ukweli na ardhi iliyo chini yake.

Kagua mdomo wa mtumbwi, pale juu mikono inaposhika. Sehemu ya nje ya mti, ile yenye rangi ya kufifia, huoza mapema na kuliwa na wadudu. Moyo wa mti, wenye rangi iliyokolea, ndio unaodumu. Fundi mwenye subira huondoa sehemu ya nje. Mwenye haraka huiacha ili mtumbwi uonekane mpana. Gonga pia kwa vifundo vya vidole kutoka mbele hadi nyuma. Sauti ibadilike taratibu. Ikiruka ghafla, ujue pana mahali palipochongwa mno, au pana uozo ndani.

Mwisho, uingizeni majini kabla fedha haijatoka mfukoni. Bidoni la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, kwa hiyo mabidoni matatu ni kama mtu mzima mmoja. Pakieni mabidoni kwa hesabu ya watu na mizigo mnayokusudia kubeba, penye kina cha magoti, mkatazame mdomo wa mtumbwi umebaki juu ya maji kiasi gani. Kwa ziwa, mimi nisingekubali chini ya shibiri moja na nusu. Halafu toeni mabidoni, wakae watu wenyewe, kwa sababu mtu huketi juu kuliko bidoni na hujitikisa. Mtumbwi ukiyumba na kurudi wenyewe, ni wenu. Ukiyumba na kutaka kuendelea, mwachieni mwenyewe.

Msisahau kafi. Anayepiga kafi ameketi anahitaji fupi, la kufika kifuani akilisimamisha chini. Anayesimama nyuma, kama wafanyavyo wengi mitoni, anahitaji refu kuliko kimo chake. Liwe la mti mwepesi usiopasuka, na kila safari iwe na kafi la akiba pamoja na kibuyu au kopo la kukumba maji.

Sasa nawageukia wanunuzi juu ya bei, kwa kuwa hapo ndipo tunapojidanganya. Kuchonga mtumbwi wa mti mmoja ni kazi ndefu. Fundi hutafuta mti ulionyooka, huuangusha upande usioupasua, huchonga nje kwanza, ndipo akaingia ndani kwa shoka na tezo. Wengine hutoboa vitundu vidogo ili kupima unene, kisha huviziba kwa vijiti. Pengine huutia maji na kuuwashia moto wa pembeni hadi mbavu zilainike na kufunguka, kisha huzizuia kwa miti ya kukingama. Baada ya hapo mtumbwi hukaushwa polepole kivulini, umefunikwa majani, maana jua kali huupasua. Tunapobishana na mtu huyu hadi tumkate nusu ya bei, hatupati nafuu yoyote. Tumemlazimisha achague mti mchanga, apunguze siku za kukausha, aache sehemu ya nje iozayo. Punguzo hilo tutalilipa majini. Mpeni avansi ya haki, msimharakishe, na mmalizie deni siku mtumbwi unapoelea.

Na mkiisha kuununua, utunzeni. Msiuache ukaangwe na jua ufuoni. Uwekeni kivulini, au uzamisheni kwenye maji ya kina kifupi msipoutumia siku nyingi, jinsi wazee walivyofanya, ili usikauke na kupasuka.

Ninyi mafundi wetu, wazee wenye tezo, nawaheshimu kwa dhati. Kazi yenu ni ya kale kuliko falme. Huko Nigeria, mwaka 1987, katika kijiji cha Dufuna, ulipatikana chini ya ardhi mtumbwi wa mti mmoja wenye umri wa karibu miaka 8,000. Na hapa kwetu Walikale, Wanyanga wameihifadhi hadithi kuu ya Mwindo, iliyoandikwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene na kuchapishwa mwaka 1969. Mtoto Mwindo alifungiwa na baba yake ndani ya ngoma, akatupwa mtoni, na ngoma ile ikamchukua juu ya maji hadi kwa shangazi yake Iyangura. Ngoma ni mti uliochimbwa kama mtumbwi unavyochimbwa. Watu waliotunga kisa hicho walijua kwamba mti uliochongwa vema humhifadhi aliye ndani yake, hata kama wanadamu wamemkataa.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. La kwanza, kila mmoja wenu achukue kijana mmoja au wawili, wa kike au wa kiume, wakae naye tangu kuchagua mti hadi siku ya kuushusha majini. La pili, chongeni alama yenu kwenye kila mtumbwi, na kando yake mwaka ulipotengenezwa na idadi ya watu unaoweza kuwabeba. Alama hiyo itakuwa heshima yenu kwa mtumbwi mzuri na dhamana yenu kwa mnunuzi. Idadi hiyo nayo itamsaidia mama anayesimama ufuoni akisukumwa na umati apande.

Kwenu wami, machifu na wazee wa vijiji, naja na jambo la msitu. Sheria ya misitu ya nchi yetu ya mwaka 2002 iliipa jamii ya wenyeji haki ya kuomba msitu wanaoumiliki kwa mila, na amri nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza jinsi ya kuupata, hadi hekta 50,000. Katika Walikale zipo jamii zilizokwisha kupata misitu hiyo. Nawasihi: mnapoandika mpango wa kuusimamia msitu wenu, andikeni humo miti ya mitumbwi. Ihesabuni, itieni alama, amueni kila mwaka ikatwe mingapi na ipandwe mingapi. Mvule una mti dume na mti jike, kila mmoja peke yake, kwa hiyo mkiangusha yote ya jinsia moja mbegu hazitapatikana. Popo ndio wanaokula matunda yake na kusambaza mbegu, basi nao wasiuawe ovyo. Tena msipande mivule mitupu mahali pamoja, kwa sababu yuko mdudu anayevimbisha majani ya miche na kuidumaza. Ichanganyeni na miti mingine, kivulini kidogo, nayo itakua. Na mti ulio ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo sehemu yake ya chini inaingia Walikale na ambayo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1980, usiguswe. Hiyo ni akiba ya wote.

Kwa Masisi, ambako mashamba na malisho yameshika vilima, tujifunze kwa ndugu zetu wa Unguja. Huko mtumbwi na ngalawa huchongwa kwa mwembe, mti uliopandwa na babu, ukalisha watoto miaka mingi, na uzeeni ukawa chombo cha wajukuu. Sisi tuna mikaratusi na migrevilea kwenye mipaka ya mashamba yetu, lakini karibu yote huishia kuwa makaa na nguzo. Tuache michache iliyonyooka izeeke, na tupande miti ya asili kando ya vijito. Mtoto anayezaliwa leo ndiye atakayeikuta tayari.

Kwenu abiria na wenye vyombo, nasema kwa uchungu. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo cha abiria kilichotoka Minova kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakikitazama kutoka ufuoni. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi, kwa sababu barabara ya Sake na Minova ilikuwa imekatwa na vita na watu hawakuwa na njia nyingine. Tulizika watu kwa makumi. Hakuna aliyepanda siku ile kwa kupenda hatari. Ndiyo maana sisi tuliobaki tunadaiwa kuifanya njia ya maji iwe njia ya kufika. Jaketi la kuokolea maisha, lile tunaloliita jile, livaliwe na kufungwa kabla ya kafi la kwanza. Lisikaliwe kama mto. Tusafiri mapema asubuhi. Tusisimame ndani ya mtumbwi kupungia wenzetu mkono. Ukipinduka, tuushike, tusiuache kwa tamaa ya kuogelea hadi nchi kavu inayoonekana karibu. Na mwenye chombo akisema pamejaa, tumshukuru, tusimtukane.

Vijana, ninyi ndio nguvu ya wito huu. Jifunzeni kuogelea kabla ya kujifunza kupiga kafi, nanyi wasichana msiambiwe kwamba maji si yenu. Goma imeisimamishia chukudu, chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, sanamu barabarani, na inastahili, maana imetulisha. Mtumbwi nao umetulisha, na sanamu yake inaweza kuwa siku ya mashindano: mafundi wa Walikale na wa ziwani walete kazi zao Ndalaga au kwenye ufuo wa Sake, mkakamavu apige kafi na fundi bora apewe zawadi mbele ya watu. Wageni waliokwenda kulala kisiwani Tchegera wamezoea kupewa vyombo vya plastiki kutoka ng'ambo. Amani ikitulia, na tunaiomba kila siku, tuwapeleke kwa mitumbwi ya kwetu, iliyokaguliwa, yenye alama ya fundi na jile kwa kila mtu, fedha ibaki kijijini.

Haya yote yanaweza kuanza kabla ya serikali kututumia hata faranga moja. Mwenye mtumbwi aukague Jumamosi hii, ncha kwa ncha. Anayetaka kununua aende na mabidoni yake. Mchungaji, padri na imamu walitaje jile katika matangazo ya ibada. Mwalimu awapeleke wanafunzi kwa fundi wakaone tezo linavyofanya kazi. Chifu aitishe kikao kimoja juu ya miti ya mitumbwi. Nanyi mlio ng'ambo, mnapotuma fedha nyumbani, ongezeni bei ya jile moja na mche mmoja, mkaulize mwezi unaofuata kama jile limevaliwa na mche umeshika. Tukifanya hivyo kila mmoja kwa sehemu yake, wajukuu wetu watakuwa na mti wa kuchonga, fundi wa kuuchonga, na safari ya kurudi nyumbani salama.